Nyumba ya Kufia

Nyumba yetu ya Bokoli ilijengwa upesi kwa sababu mume wangu alikuwa anakufa. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, hata mimi. Kwao, mwanamume hazikwi katika boma la baba yake kama hana nyumba pale. Anaweza kuwa na nyumba ya mawe Kitale na ng'ombe wa gredi, lakini mwili wake ukiletwa nyumbani ni lazima uwe na mlango wake wa kuingilia na paa lake la kulala chini yake. Asiye na nyumba hulazwa nje kama mgeni, na jambo hilo husemwa mpaka wajukuu walisikie. Mume wangu alikuwa seremala. Alikuwa ameezeka paa na kutundika milango katika nyumba za watu kote Kitale, na kwao hakuwa na hata kibanda cha kuku.

Tuliishi Kitale tangu tuoane, nyuma ya maghala ya mahindi, mahali ambapo wakati wa mavuno nguo hunuka makapi na moshi wa matrekta hata ukizifua mara mbili. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Yeye alikuwa na karakana karibu na soko. Asubuhi za Kitale ni baridi, na yeye alikuwa mtu wa kuamka mapema, kunywa chai akiwa amesimama, na kuondoka bila kusema la maana. Mtu angeniuliza wakati ule, ningemwambia nimeolewa na mwanamume asiyesikia. Leo naiona ile chai ya kusimama na moyo unaniuma. Aliniita Mwalimu hata jikoni. Mimi nilimwita Fundi nikiwa nimefurahi, na Mzee nikiwa na hasira, kwa hiyo majirani walimjua zaidi kama Mzee.

Ugonjwa ulianza kama mambo ya tumbo yanavyoanza, yaani kwa kudharauliwa. Aliumwa hapa juu, chini ya kifua, na maumivu yakapenya mpaka mgongoni. Tulisema ni kazi ya kuinama kwenye benchi. Kisha akawa hataki nyama ya mafuta, na mtu wa kwao asiyetaka nyama ya mafuta si mzima. Alitibiwa taifodi, kwa maana kwetu hakuna homa isiyopitia kwanza kwenye taifodi. Alitibiwa amiba, kisha vidonda vya tumbo. Alimeza kila alichopewa, na mshipi wake ukaendelea kutobolewa matundu mapya kwa msumari. Jioni alipata homa ya kutetemeka kidogo, na alfajiri nilikuta shuka imelowa jasho kama imetoka kwenye beseni. Mwishowe nilimtazama macho kwenye mwanga wa dirisha nikaona yamegeuka manjano.

Kliniki moja ya mjini ikampiga picha ya tumbo. Mtu aliyesoma picha ile alituonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, akasema neno kansa kwa sauti ya chini, na akamtazama mume wangu kwa huruma ambayo bado sijaisahau. Kwenye karatasi aliandika kwamba inashukiwa. Lakini sisi hatukusikia kushukiwa. Tulisikia kansa, na tukasikia kongosho, kiungo ambacho hata mimi mwenye cheti cha ualimu sikujua kiko upande gani. Tulirudi nyumbani tukakaa bila kuwasha taa. Alichoniuliza ni kama nimewalisha kuku.

Habari ilifika Bokoli kabla ya chakula kupoa. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeshika boma baada ya baba yao kufa, alikuja Kitale mwenyewe kutuchukua. Hakupandisha sauti. Alisema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na akaanza kukunja blanketi. Tulipita Misikhu na Lugulu mume wangu akiwa amelala kiti cha nyuma, akinung'unika kila tulipoingia shimo, na mimi nikiwa nimemshika kichwa. Tulipofika bomani nikaona matofali, mchanga, mabati mapya yameegemezwa mgomba, na mafundi wako juu ya ngazi. Nilishtuka, kisha nikakasirika hasira ambayo ilinitia nguvu mchana ule wote. Walikuwa wanamjengea nyumba ya kufia, na walikuwa hawajifichi.

Wageni walianza kuja. Kila mmoja alileta kuku, na mgonjwa hakuweza kula hata mchuzi wake, kwa hiyo kuku wakawa wengi kuliko watu, wakawa wanamkanyaga miguuni alipokuwa akiota jua. Walikaa mbele yake wakasema alikuwa mtu mzuri, alikuwa fundi wa kweli, alikuwa hana maneno. Nilikuwa nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote na sikuwahi kuchukia wakati uliopita namna ile. Yeye aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za mwingine. Jioni moja alimwita kaka yake akamwambia randa ziende kwa nani na misumeno iende kwa nani. Akaniambia mimi nami, mbele ya shemeji yangu, kwamba nikirithiwa nisikubali mtu mvivu. Nilimwambia afe kwanza ndipo anichagulie.

Jambo lililotuokoa lilikuwa maumivu. Dawa za kutuliza zilikuwa zimeisha, nikaenda Kitale peke yangu kutafuta zenye nguvu zaidi, nikapanga foleni katika hospitali kubwa na bahasha ya picha kwapani. Daktari aliyenipokea alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mwembamba, mwenye mafua. Nilimwambia nataka dawa ya maumivu tu, hayo mengine tumekwisha kuyajua. Akaniomba bahasha. Alizitazama picha kwa muda mrefu, akapenga kamasi, akaanza kuniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Homa inakuja saa ngapi? Jasho la alfajiri lilianza lini? Kuna mtu alikohoa sana mahali anapofanyia kazi? Nikakumbuka fundi mwenzake aliyekuwa na benchi katika karakana ileile miaka ya nyuma, ambaye alikohoa hadi akalazwa, akapona kwa dawa za TB, akahamia Kapsokwony.

Daktari akaniambia, "Mama, hii picha inaonyesha uvimbe. Haionyeshi jina lake. Inaweza kuwa kansa, na sitakudanganya, mara nyingi ndiyo. Lakini kuna tezi zimevimba hapa pembeni, na kuna hii homa yake ya jioni. TB pia inaweza kukaa kwenye kongosho. Mpaka tutoe kipande kwa sindano na kukipima, mimi na wewe tunabahatisha."

Nikamwambia mume wangu hakohoi. Akasema ndiyo sababu hakuna aliyefikiria, kwamba TB watu wanaijua kwa kikohozi, na hii yaweza kutua popote kwenye mwili. Kisha akaniandikia dawa za maumivu na barua ya kwenda hospitali ya rufaa, ambako sindano hupelekwa hadi kwenye uvimbe huku mtaalamu akiitazama ndani ya picha. Nilitoka pale nikatembea hadi sokoni nikiwa sijui ninakokwenda. Niliogopa kufurahi. Mtu aliyekwisha kulia msiba hapendi kuambiwa arudi nyuma akatumaini.

Nilipoyasema hayo Bokoli, shemeji yangu aliweka kikombe chini. Nitamtendea haki: alikuwa mtu mpole, na tangu tulipokuja hakuna siku aliyolala kabla ya kupita kumuuliza ndugu yake kama ana baridi. Lakini alikuwa na lake aliloamini, na si yeye peke yake, boma zima liliamini hivyo.

"Bibi yetu, hapana," alisema. "Hii kitu ukiigusa na chuma inakasirika. Inatawanyika mwili yote. Si tuliona kwa ule mzee wa Misikhu? Alipasuliwa, wiki haikuisha. Wacha ndugu yangu aende polepole, kwa nyumba yake."

Wazee wengine waliitikia. Mmoja akasema la kuvunda halina ubani, na nikatamani kumtia ubani huo mdomoni. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka, jambo ambalo mke wa boma lile hapaswi kulifanya mbele ya shemeji zake. Nilijua kitu kimoja tu: kama ni kansa, sindano haitaniongezea hasara, na kama ni TB, tunamzika mtu mwenye ugonjwa ambao dawa zake zinagawiwa bure kwenye kila zahanati. Lakini mwili haukuwa wangu. Wote walimgeukia mgonjwa, naye akafumba macho akasema amechoka, tuongee kesho.

Kesho yake nyumba ilikuwa inatundikwa mlango. Nilimtoa nje, nikamweka kwenye kiti juani, tukawa tunatazama. Ulikuwa mlango wa mabawa mawili, mpana, na alipouona alielewa upana ule ni wa nini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza milango ya aina hiyo kwa ajili ya watu wengine. Sebule ilikuwa kubwa ya kuketisha waombolezaji. Chumba cha kulala kilikuwa kimoja, kidogo, na jiko halikuwepo kabisa, kwani nani angepika? Yote hayo aliyatazama akayaacha yapite. Kilichomshinda ni mbao. Walikuwa wametumia mkaratusi mbichi, na bawa moja lilikuwa limeanza kupinda kabla ya kupata bawaba ya tatu. Akaniuliza ni nani aliyewauzia mbao zile. Akamwambia fundi asogeze bawaba juu kidogo. Fundi akajibu kwa adabu, "Mzee, usijisumbue, inatosha tu hiyo kazi yake." Nikaona shingo ya mume wangu ikisimama mishipa, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Kitale.

Hapo ndipo nilipomfokea, na nilimwita Mzee mara nyingi. Nilimwambia kama mlango unamkera basi apone aje autengeneze, na kama hataki kutobolewa basi aache kunung'unika, apite katikati ya mlango mbovu akiwa amebebwa. Niliongea nikilia. Mafundi waliteremka ngazi wakajifanya wanatafuta maji.

Alilitazama lile bawa lililopinda hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, ubao ukiwa na doa, huwezi kujua ni fundo au ni mchwa mpaka uutie patasi. Mwambie kaka atafute gari."

Kaka yake alitafuta gari. Hakukubaliana nasi, lakini alikwenda naye, akamshika mkono kule hospitali ya rufaa mpaka mlango wa chumba cha picha. Walimlaza, wakamtia ganzi, sindano ndefu ikapita tumboni. Alituambia baadaye kwamba haikuuma kuliko msumari. Wakampima damu kwa kila ugonjwa, ikiwa ni pamoja na ule ambao watu hupunguza sauti wakiutaja, na hakuwa nao. Mapafu yake yalikuwa safi. Tulirudi Bokoli kusubiri majibu, na kila jogoo alipowika, shemeji yangu alitoka kumtazama ndugu yake kama ametawanyika.

Majibu tulipewa Kitale, sisi watatu, na daktari yuleyule, akiwa amepona mafua. Hakukuonekana chembe za kansa. Kulikuwa na vinundu vya aina ambayo TB huacha, na mashine ikavikuta vijidudu vyenyewe, vya aina inayosikia dawa za kawaida. Mume wangu aliuliza kama hilo ni jambo zuri au baya. Daktari akacheka, akajifuta macho, akasema, "Mzee, leo hii hakuna jambo zuri kuliko hili." Shemeji yangu alitoka nje. Nilimkuta amesimama karibu na bomba la maji, kofia mkononi, akisema jambo kwa Kibukusu, lugha ya kwao, peke yake. Sikumwuliza.

Dawa zilikuwa za miezi sita. Tukakubaliana azimezee Bokoli, kwa kuwa zahanati ilikuwa karibu na yeye hakuwa na nguvu ya kupanda na kushuka. Mwanzo ulikuwa mgumu. Dawa hizo hugusa ini, na ini lake lilikuwa tayari limechoka kwa manjano, hivyo wakawa wanampima damu mara kwa mara, na kuna wakati walizisimamisha zote wakamrudishia moja moja. Nilidhani tumepoteza. Mkojo wake uliposhika rangi ya chungwa, wanawake wa boma walikuja kuniambia anavuja damu, nami nikawaeleza kwamba ni rangi ya dawa, nikaeleza tena, na bado waliniletea majani ya kuchemsha. Niliyamwagia mgomba. Daktari alikuwa ametukataza dawa za mitishamba na pombe kwa sababu ya ini, na mume wangu, ambaye busaa ya nyumbani kwao ilimpita puani kila Jumamosi, alisema TB ina wivu kuliko mke.

Wapo walioanza kumtengea kikombe. Shemeji yangu ndiye aliyemaliza maneno hayo. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mapafu ya ndugu yake ni safi, kwa hiyo haambukizi kwa pumzi, naye akawa anakunywa chai katika kikombe cha mgonjwa mbele ya watu, makusudi, akilamba midomo.

Homa ilikuwa ya kwanza kuondoka. Kisha manjano, kwa sababu uvimbe ulipopungua ule mfereji wa nyongo uliokuwa umebanwa ukafunguka. Halafu asubuhi moja aliomba ugali wa wimbi na mboga ya mrenda, na alipomaliza akauliza kama umebaki. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mgonjwa akiuliza yeye, ni raha nisiyoweza kuieleza. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheza peke yangu.

Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko ndoa yetu yote. Nyumba haikuwa na dari, na mvua ya Bokoli ikipiga mabati huwezi kusikizana, kwa hiyo tulisubiri ipite ndipo tuongee. Nilipika nje chini ya mwavuli hadi alipopata nguvu ya kunijengea jiko la mbao, taratibu, akipumzika kila baada ya nguzo. Kila asubuhi alimeza vidonge mbele yangu akiwa ameketi, kwa sababu nilimlazimisha aketi, na kwa kuwa alikuwa ameketi akawa anaongea. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba alitaka kuwa mwalimu na baba yake akakosa karo. Nilijua kwamba aliniona mara ya kwanza kwenye mkutano wa kanisa nikigombana na mtu wa kupanga viti, na akamwambia mwenzake, yule ndiye. Alifungua upya ule mlango wa mkaratusi, akautengeneza tena kwa mbao kavu kutoka Kitale. Wale aliowapa randa na misumeno walizirudisha wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakisingizia kwamba hawajui kuzinoa.

Walipompiga picha ya mwisho, uvimbe ulikuwa umebaki kovu dogo. Tulirudi Kitale. Akarudia kunywa chai amesimama, na mimi nikarudia kumwita Mzee.

Aliishi miaka michache mingine, akiwa mzima, mnene kidogo. Presha ndiyo iliyomchukua, Alhamisi asubuhi, karakanani, akiwa na penseli sikioni. Haikuhusiana na kongosho hata kidogo, daktari alinihakikishia. Tulimpeleka Bokoli, akalala katika nyumba yake kama walivyopanga tangu zamani.

Baada ya watu kuondoka, shemeji yangu alikuja akaketi karibu nami barazani. Alikuwa amezeeka siku zile mbili tatu. Aliangalia chini, akaniuliza, na najua hakuwa na ubaya, "Bibi yetu, hebu niambie. Ile sindano yote, ile dawa yote. Si mwisho imekuwa tu hii hii?"

Hasira ilinipanda kama ya siku ile ya matofali. Kisha nikatazama mikono yake, ambayo ni mikono ya mume wangu kabisa, na ikashuka.

"Si hii hii, shemeji," nilimwambia. "Mwaka ule ungezika mtu ambaye sikumjua. Huyu tuliyemzika leo alinikasirisha kila siku mpaka Alhamisi."

Alicheka, kicheko kimoja kilichomtoka bila kupenda. Halafu akajifunika uso kwa kofia, akalia, na mimi nikalia pamoja naye kwa mara ya kwanza tangu waniletee habari kutoka karakana.